Mwiko Uko Mkononi mwa Nani?

Niseme mapema tusipotezeane muda: orodha nyingi za vyakula ambavyo mjamzito anatakiwa kuviepuka ni maandishi mabaya. Sisemi kwamba yote yaliyomo ni uongo. Nasema ni mabaya kwa namna ambayo sisi tunaosoma na kuhakiki vitabu tungeigundua ukurasa wa kwanza tu kama ingekuwa riwaya. Mwandishi hajulikani. Mahali hapajulikani. Mambo yanatokea bila sababu. Na mhusika mkuu, yule mwenye tumbo, hasemi neno hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tazama hata sarufi yake. "Mjamzito haruhusiwi kula mayai." Haruhusiwi na nani? Kitenzi kimeachwa bila mtendaji, kama vile amri imeshuka yenyewe kutoka darini. Kwenye gazeti mhariri makini angekurudishia sentensi ya aina hiyo na kukuuliza nani kasema. Jikoni hakuna anayeuliza. Ukiuliza utaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mazungumzo yameishia hapo.

Halafu kuna neno lenyewe, mwiko. Ni katazo, na pia ni kile kifaa cha mti cha kusongea ugali na kupakulia wali. Wenye kamusi watatuambia tusichanganye mambo. Sawa. Lakini katika nyumba nyingi nilizoingia, mwanamke ndiye anayeshika mwiko wa mti, na mwiko wa maneno umeshikwa na watu wengine. Anasonga, anapakua, anaonja chumvi, kisha anaambiwa kipande kipi si chake.

Mimi mwenyewe ni mama kijacho, nina miezi sita, na nimeshakusanya orodha tatu. Ya kwanza nimepewa kwa mdomo na mama mkwe pamoja na shangazi zangu: usile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele, usile sana nyama na samaki, mtoto atakuwa mkubwa akushinde kumtoa, nanasi usiguse kabisa. Ya pili ni karatasi niliyopewa kliniki, imetolewa kopi mpaka herufi zimekuwa ukungu, na humo naonywa kuhusu "jibini laini". Ya tatu iko kwenye simu, programu inayonitumia ujumbe kila Jumatatu kunikumbusha niache sushi.

Sushi, jamani.

Tuanze na orodha ya wazee, maana ndiyo inayochekwa haraka zaidi, na mimi sipendi kicheko hicho. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Hofu ya mtoto mkubwa ilikuwa hofu ya kweli. Mahali ambapo hakuna chumba cha upasuaji, hakuna gari, na hospitali iko mwendo wa siku nzima, uchungu unaokwama ulimuua mama na mtoto pamoja. Aliyesema "usile ukashiba sana" alikuwa ameshazika mtu.

Tena ziko jamii ambazo miiko yake ilipimwa ikaonekana ina akili. Mwaka 2010 watafiti Joseph na Natalie Henrich walichapisha kazi yao kuhusu Fiji, kwenye kisiwa cha Yasawa, ambako wajawazito na wanaonyonyesha hukatazwa papa, kasa, mikunga na samaki wengine wakubwa wa miambani. Waligundua kwamba waliokatazwa ni wale wale wanaoweza kuwa na sumu ya baharini. Mwanamke wa Yasawa akinyimwa mkunga, anabaki na samaki wengine wa kula. Hapo mwiko umemlinda.

Sasa rudi kwetu ufanye hesabu hiyo hiyo. Ukiondoa yai, nyama, maini na samaki, kwenye sahani ya mwanamke wa kipato cha chini kimebaki nini? Ugali na mchicha, na mchuzi wa nyanya. Hicho ndicho kipimo changu, na ningependa na wewe msomaji ukichukue: usihukumu mwiko kwa kile unachokikataza, uhukumu kwa kile unachokiacha. Na uangalie kilichokatazwa kimeishia kwenye sahani ya nani. Buganda ya zamani mwanamke hakula kuku wala yai, ingawa ndiye aliyempikia mumewe kuku huyo. Kwetu firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, na haikuhitaji maelezo. Ajabu ya miiko ya aina hii ni kwamba kwetu sijapata kuona mwiko wa mjamzito ukamnyima mwanamume mnofu.

Kuhusu nywele: nywele za mtoto hazijui habari za yai. Yai moja lina protini ya gramu 6 hivi, na lina kolini, ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji. Likiiva vizuri, ni miongoni mwa vitu vyenye faida kubwa na bei nafuu ambavyo mjamzito anaweza kununua kwenye kona ya mtaa wake. Nanasi nalo, kwa kiasi ambacho binadamu wa kawaida anaweza kula, halitoi mimba.

Orodha ya kisasa sasa, hii ya karatasi na ya simu. Hii watu wengi hawaigusi kwa sababu inaitwa sayansi. Mimi nafanya kazi chumba cha habari, naona kurasa za afya zinavyopikwa. Makala inachukuliwa kutoka tovuti ya Uingereza au Marekani, inatafsiriwa usiku wa manane, inawekewa picha ya mama wa Kizungu ameshika tufaha, asubuhi iko hewani. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya friji ya London unamfikia mwanamke wa Mbagala ambaye hana friji. Hakuna aliyedanganya. Ila hadithi imehamishwa mahali, na mfasiri hakuona haja ya kutujulisha.

Chukua yai tena. Desemba 1988 Edwina Currie, naibu waziri wa afya wa Uingereza, alisema mayai mengi ya nchi ile yalikuwa na salmonela. Mauzo yakaporomoka, na wiki mbili baadaye akajiuzulu. Waingereza wakaanza kuwachanja kuku wao na kuwakagua, na mwaka 2017 mamlaka yao ya chakula ikatangaza kwamba mayai yenye muhuri wa simba yanaweza kuliwa hata na mjamzito yakiwa na kiini kibichi. Ona basi: yai ni lile lile, tumbo ni lile lile, kilichobadilika ni kuku na ukaguzi wake. Ushauri wa yai ni habari ya mahali na wakati. Yai letu halina muhuri huo, kwa hiyo tulichemshe mpaka kiini kikauke, kisha tulile. Sentensi hiyo moja inatosha. Kwa nini hakuna orodha iliyoniambia hivyo? Moja imesema usile kabisa, nyingine imenihamishia kuku wa watu wengine.

Maini ni hivyo hivyo. Uingereza mjamzito anaambiwa ayaache, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno, na vitamini hiyo ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Sababu ni ya kweli na anayeyala kila siku anapaswa kuijua. Lakini anayepata vipande viwili mara moja kwa mwezi, na kadi yake ya kliniki inasema damu iko chini, anastahili mkunga wa kukaa naye amuulize: unakula kiasi gani, mara ngapi, na vidonge gani unameza? Neno "usile" limefuta maswali yote matatu.

Kinachoniudhi zaidi ni yale ambayo orodha hizi zimeyanyamazia. Udongo, au pemba kama wengi tunavyouita, unauzwa sokoni hadharani pembeni ya vitunguu, na wanaoununua ni wajawazito. Programu yangu haiujui. Udongo wa kula unaweza kuwa na madini ya risasi na aseniki, unaweza kubeba mayai ya minyoo, na unazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa mtu ambaye damu yake tayari haitoshi, ni hasara juu ya hasara. Badala ya kumwambia hivyo, tunamcheka kwamba "mimba inamsumbua".

Sumukuvu je? Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga zenye ukungu zilipaswa kuandikwa juu kabisa ya karatasi ya kliniki. Papa je, ambaye Pwani tunamla mbichi na mkavu? Ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine, hukusanya zebaki nyingi mwilini, na zebaki inaharibu ubongo wa mtoto anayekua. Dagaa hana shida hiyo, na ni wa bei ya chini. Maziwa ya kupimiwa kwenye ndoo yachemshwe, kwa sababu ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba unahamia kwa binadamu. Mishkaki irudi jikoni kama ndani bado ni myekundu. Pombe iachwe, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Chai ya rangi haina haja ya kufukuzwa, isogezwe tu saa moja au zaidi mbali na chakula, maana inazuia chuma kisiingie mwilini.

Hata listeria, ugonjwa unaofanya "jibini laini" likatazwe, tungeweza kuueleza kwa mfano wa jirani. Mwaka 2017 na 2018 uliwakumba zaidi ya watu 1,000 Afrika Kusini na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Haikuwa jibini. Ilikuwa polony, nyama ya kusagwa ya bei rahisi ambayo watoto hubeba shuleni ndani ya mkate. Soseji na nyama za aina hiyo zipo kwenye maduka yetu, na zikipikwa mpaka zitoe moshi hatari hiyo inaondoka. Lakini karatasi imeng'ang'ania jibini la watu.

Mtaniuliza, haya yote yana uzito gani kwenye ukurasa wa fasihi? Uzito wake ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa wajawazito ilikuwa zaidi ya nusu. Mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito ameze kila siku madini ya chuma, miligramu 30 hadi 60, pamoja na foliki asidi, na vidonge hivyo ndivyo tunavyopewa kliniki. Lakini vidonge havikuwekwa ili nyama irudi kwa baba.

Na fasihi imechangia. Katika hadithi zetu nyingi mimba ina kazi mbili tu. Ama ni aibu inayomfukuzisha msichana shule, au ni kichekesho cha mke anayetaka embe bichi saa nane za usiku huku mume anahangaika gizani. Ni mara chache tunamkuta mjamzito ameketi mbele ya sahani, anafikiri, anapima, anaamua. Tumemwandika kama tumbo lenye matamanio. Tukishangaa kwamba orodha zinamwamrisha kama mtoto, tukumbuke nani alimwandika hivyo kabla.

Neno "kuepuka" lenyewe ni la mtu mwenye uchaguzi. Huwezi kuepuka samaki ambaye hukumnunua. Ndiyo maana orodha ya makatazo peke yake, hata ikiwa sahihi neno kwa neno, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema mama huyu ale nini, atakipata wapi, kwa shilingi ngapi, na nani nyumbani asogeze sahani yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayeniletea katazo ataje jina lake, sababu yake na kiasi chake. Daktari ataje, mama mkwe wangu naye ataje, nitamsikiliza kwa heshima zote, nampenda. Wahariri wa kurasa za afya waende sokoni kabla ya kwenda kwenye tovuti. Na yeyote anayekuja nyumbani kwangu na orodha ya nisivyopaswa kula, aje pia na kikapu. Nikishaona trei ya mayai humo ndani, tutakaa tuzungumze.