Goma: Diploma ya uhandisi bila karakana, nani alaumiwe?

Mjini Goma, kijana akipeleka dosye ya kuomba kazi ya uhandisi, ulizo la kwanza ni hili: «Ulisomea wapi?» Anachojua kufanya kinaulizwa baadaye, kama kinaulizwa.

Aliyetoka Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ana nafuu. Migodi ya Likasi na Kolwezi iko barabara moja, staji inapatikana, na wenye kuajiri wanalijua jina lile. Mtoto wa mhami aliyetoka Masisi hachagui chuo. Anaingia kile kinachofikiwa kwa miguu, kinachokubali minervali kidogo kidogo. Huko anasomea umeme kwa chaki na ubao, bila kugusa transfoma hata siku moja. Na mtambo wa Matebe unatoa umeme Rutshuru, jimboni humu humu, tangu 2015!

Kumlaumu kijana huyo ni kumwonea. Wizara ya elimu ya juu, Kinshasa, ndiyo yenye kutoa kibali. Kwa nini kitivo cha uhandisi kisicho na karakana kipewe kibali? Mama muuza makala analipa miaka yote, halafu karatasi ya mwanawe inarudishwa mlangoni kwa sababu ya muhuri.

Wenye kampuni nao wasijifiche nyuma ya majina ya vyuo. Wampe kijana mota iliyokufa na saa mbili, watamjua.

Wazazi, kabla ya kulipa franka ya kwanza, waombe kuonyeshwa karakana. Wengi hawana chuo kingine cha kukimbilia, ndiyo maana wizara ianze kukagua.