Risala ya Watumiaji wa Huduma za Kidijitali wa Malindi na Kilifi: Tupeni Dirisha la Kulalamikia

KWA: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data, Kamishna wa Kaunti ya Kilifi, na Gavana wa Kaunti ya Kilifi.

KUTOKA KWA: Watumiaji wa simu, pesa za simu na intaneti, kuanzia Mtwapa hadi Marafa.

Waheshimiwa,

Sisi ni wachuuzi wa samaki wa Mayungu na Mambrui, mama mboga wa Malindi, waendesha bodaboda wa Gede, wenye vyumba vya wageni wa Watamu, walimu wa Ganze, vijana wa saiba za Kilifi, na wazee wanaotumiwa pesa za matumizi na wana wao walioko Mombasa na Uarabuni. Tunawaandikia kwa heshima, baada ya kuchoka kupigwa danadana.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, aliyetaka alijiunga na asiyetaka aliendelea na noti zake. Leo hiari hiyo haipo. Karo hulipwa kwa simu, samaki hununuliwa kwa simu, na Serikali yenyewe imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen, hata ombi la cheti cha kuzaliwa. Hatuipingi hatua hiyo. Tunachouliza ni kimoja: anayeumizwa na huduma hizi aende wapi, na nani atampokea?

MALALAMIKO YETU

1. Pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine. Mchuuzi yuko ufuoni alfajiri, mikono imelowa maji ya chumvi, mashua imeshatia nanga na wanunuzi wengine wanasukumana. Anatuma shilingi 6,000, kidole kinakosea tarakimu moja. Anapiga simu kwa kampuni, anaambiwa aliyepokea ameshazitoa, aende polisi. Polisi wanamwandikia taarifa na kumtaka alete rekodi ya muamala kutoka kwa kampuni. Kampuni nayo inasema haiwezi kumtaja aliyepokea bila amri ya mahakama. Jua likifika utosini, samaki wameshanunuliwa na mwingine, mtaji umekwenda, na hakuna hata ofisi moja iliyosema, "Jambo hili ni letu."

2. Laini kubadilishwa kwa hila. Simu inapoteza mtandao ghafla, mwenyewe anadhani mnara umeharibika. Kumbe namba yake imehamishiwa kwenye kadi iliyo mikononi mwa tapeli, ambaye anakomba akiba na kukopa kwa jina lake. Akikimbilia saiba kujaza fomu ya malalamiko, fomu inamtaka aandike tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye laini ileile iliyoibwa.

3. Mikopo ya simu na fedheha. Mtu akichelewa kulipa siku mbili, shemeji yake, imamu wake au mwalimu wa mtoto wake anapigiwa simu na kuambiwa habari za deni. Wengine wanapigiwa kwa mikopo ambayo hawakuihitaji wala kuiomba.

4. Bando na makato. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Bando ya saa 24 haingoji nyaya zitengenezwe: muda uliisha, pesa ikaenda. Kuna pia wazee wanaokatwa salio kwa jumbe za michezo na nyota ambazo hawakumbuki kujiandikisha kwazo, na hawajui namna ya kujiondoa.

5. Huduma za Serikali mtandaoni. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, shughuli zilikwama nchini kote. Hilo lilitangazwa. Lisilotangazwa ni la kila siku: mtu amelipa, ujumbe wa malipo anao, lakini mfumo unasema hajalipa. Asiyejua kutumia tarakilishi hulazimika kumwachia kijana wa saiba namba ya kitambulisho na nywila yake. Likiharibika jambo, hana wa kumuuliza ila kijana huyohuyo.

MILANGO TULIYOAMBIWA IPO

Hatudai kwamba sheria haipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ikafuata. Milango nayo ni hii, na tunaitaja hapa ili wenzetu watakaoisoma risala hii nao waijue.

Malalamiko ya mtandao, bando, jumbe na laini hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe. Isiporidhisha, huenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi yake ya Pwani iko Mombasa. Juu yake kuna baraza la rufaa la mawasiliano. Mwaka 2019 wakili mmoja alilipelekea baraza hilo shauri la bando kuisha muda kabla hazijatumika, na mwaka huohuo bando zisizokwisha muda zikaanza kuuzwa. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuzaa kitu, ila huyo alikuwa wakili.

Pesa za simu ziko chini ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011. Kwa kanuni za 2022, wakopeshaji wa mtandaoni nao lazima wawe na leseni ya benki hiyo.

Anayetumia majina na namba zetu bila idhini hushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa Sheria ya 2019, na lalamiko linapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Mlango huu una meno: Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kutoka kwa wengine.

Wizi na utapeli ni kazi ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, kwa Sheria ya Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ofisi ya umma inayokalia malalamiko hushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na anayedai kisichozidi shilingi milioni 1 anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayopaswa kuamua ndani ya siku 60.

Sasa tazameni inavyokuwa kwa mama aliyeibiwa laini usiku mmoja. Kadi imebadilishwa: hilo ni la kampuni na Mamlaka ya Mawasiliano. Akiba imekombwa na mkopo umechukuliwa kwa jina lake: hilo ni la Benki Kuu. Ndugu zake wametukanwa kwa ajili ya mkopo huo: hilo ni la Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwizi anatafutwa: hilo ni la wapelelezi. Tukio ni moja, mwizi ni mmoja, lakini mama anatakiwa aligawe mafungu manne, kila fungu alipeleke kwake, kwa fomu yake, nyingi zikiwa za Kiingereza na za mtandaoni. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na anayetoka Marafa au Adu hana budi kufika Malindi kwanza. Nauli na siku ya kazi vinazidi kile alichoibiwa. Hapo ndipo wengi wetu huacha, na ukimya wetu huhesabiwa kuwa ni kuridhika.

MADAI YETU

1. Dirisha moja. Kituo cha Huduma kiwe na afisa wa kupokea malalamiko yote ya kidijitali. Yeye ndiye atakayejua lipi ni la Mamlaka ya Mawasiliano na lipi ni la Benki Kuu, si mwananchi. Magarini, Ganze, Kaloleni na Rabai, dirisha hilo liwe katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, kwa siku zinazojulikana.

2. Namba na muda. Kila lalamiko lipewe namba ya kumbukumbu siku hiyohiyo, na jibu la kwanza litoke ndani ya siku 7, liwe la kukubali au la kukataa, pamoja na sababu.

3. Lugha yetu. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Fomu, majibu na maamuzi yatolewe kwa Kiswahili, na maelezo yapelekwe kwenye redio hata kwa Kigiriama.

4. Njia isiyotegemea kilichoharibika. Aliyeibiwa laini aweze kulalamika kwa mdomo, kwa karatasi, au kwa namba ya bure akitumia simu ya jirani.

5. Pesa izuiliwe kwanza. Mtumaji akitoa taarifa ya kukosea namba, kiasi kilichobaki kwa mpokeaji kizuiliwe kwa saa 72 huku wote wawili wakisikilizwa.

6. Bando ziongezewe muda kila mtandao unapokatika kwa sababu isiyo ya mtumiaji, bila ya yeye kuomba.

7. Bango kwa kila wakala, la Kiswahili na herufi kubwa, likionyesha hatua za kufuata na ofisi ya kuendea.

8. Hesabu wazi. Kila robo mwaka itolewe taarifa ya Kaunti ya Kilifi: malalamiko mangapi yamepokelewa, mangapi yamemalizwa, na kampuni zipi zimelalamikiwa. Isomwe pia katika mabaraza ya machifu.

9. Mahakama ya Madai Madogo ifanye vikao vya kuzunguka, ifike mashambani.

WAJIBU WETU

Nasi tuna letu la kufanya. Tutahifadhi jumbe za miamala badala ya kuzifuta. Hatutampa mtu namba ya siri, awe wakala, mwana au mtu anayejiita afisa wa kampuni. Tutasoma jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza. Vijana wetu wa saiba wamekubali kuwasaidia wazee kuandika malalamiko.

HITIMISHO

Tunaomba kikao nanyi, hapa Malindi au Kilifi, ndani ya siku 30 tangu kupokea risala hii, mje na majibu ya dai moja baada ya jingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu maombi ya taarifa. Kwa hiyo tunaomba takwimu za malalamiko ya kaunti hii zitangulie kabla ya kikao chenyewe. Tusipojibiwa, tutalipeleka suala hili kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kwa Bunge kwa haki ya kuwasilisha maombi tuliyopewa na Kifungu cha 119 cha Katiba.

Sheria zimetungwa na ofisi mmezifungua. Kilichobaki ni afisa mmoja, meza moja na daftari, karibu na tunapoishi. Tunaomba mtupe hivyo.

Ni sisi,
Watumiaji wa huduma za kidijitali, Malindi na Kilifi.