Majani Yanayogombanisha Jumamosi

Mwezi huu tuongelee majani. Ndiyo, majani ya bustani!

Shosti wangu na mumewe wamejenga Njiro. Walipoona bustani moja ya kijani huko Ilboru, roho ikawadunda, wakapanda kikuyu. Jamani! Masika yanataka kukatwa kila wiki na yanavamia maua. Kiangazi yanakuwa ya njano huku mita ya maji ikikimbia. Jumamosi ikawa siku ya kununiana: "Leo zamu yako." "Kwani nani aliyachagua?"

Kikuyu si majani mabaya, tena ni ya kwetu, asili yake nyanda za juu za Afrika Mashariki. Yanapenda ubaridi na mvua, kwa hiyo kwenye miteremko ya Meru yanajiachia. Njiro, kwa jua lile, ni kujitesa.

Nilimwambia hivi: penye jua panda ukoka. Ukame ukiukausha, mvua ikinyesha unachipua tena. Chini ya mti, ambako ukoka hautaki, weka yale ya Pemba yenye jani pana. Yanavumilia kivuli na hayasumbui kwa kukatwa. Pandeni vipande masika yakianza, Machi, mkiachanisha kama shubiri moja. Miezi ya mwanzo ni kupalilia tu, hapo hakuna ujanja.

Kazi ni kung'oa kikuyu, maana kikibaki kipande cha mzizi kinaota upya. Juzi niliwakuta wote wawili wamepiga magoti, udongo mpaka viwikoni, wanacheka.