Sanduku la Betri ya Nyumbani

Katika nyumba ndogo ya Namoto, mpakani kando ya mto Ruvuma, mwenye betri ya volti 12 ya kuwashia taa kwa nguvu ya jua hushawishika kuiweka chini ya kitanda. Hapo si mahali pake. Betri ya risasi na tindikali inapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua.

Yafaa betri ijengewe sanduku la mbao barazani, mahali pasipofika mvua. Ndani liwekwe beseni la plastiki la kupokea tindikali ikivuja, na betri ifungwe kwa ukanda isipinduke. Matundu yatobolewe upande wa juu, kwani haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa. Fyuzi ikae karibu na kichwa cha chanya. Chumvi ya bahari hula vichwa vya betri. Visafishwe, vikaushwe, vipakwe grisi. Wakati wa kufungua, waya wa hasi utangulie.

Mwisho, sanduku litiwe kufuli, si kwa ajili ya mwizi tu, bali pia kwa ajili ya watoto. Tindikali ikimrukia mtoto jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.