RINGI ILIYOLIA NA MLANGO ULIOFUNGWA



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya sauti. Wengi wetu tuliosoma katika shule za nyanda hizi za juu kusini, kuanzia hapa Ilula hadi Mbeya, tuliamshwa, tukaitwa mstarini, tukaitwa kula na kurudishwa kulala kwa mlio wa ringi kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Ringi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kengele ya moto, nyingine haikuwapo. Mapigo ya taratibu yalikuwa ya vipindi. Mapigo ya haraka, yasiyo na hesabu wala kituo, yalikuwa ya hatari, na kila aliyeyasikia aliacha alichokishika akakimbia.

Siku hizi, wanapokutana watu wa makamo, iwe kwenye harusi, kwenye mahafali ya kidato cha nne, au hata nje ya kanisa baada ya Misa, husikika maombolezo: sauti ile imepotea. Shule zimeweka kengele za umeme zenye mlio mwembamba kama wa simu, na pamoja na ringi, wasema, umepotea uhai wa shule tuliyoijua.

Hatuwabezi wasemao hivyo. Kuipenda sauti ya utotoni si kosa, na mtu asiyekumbuka alikotoka ni maskini. Tunachokikataa ni hitimisho lao. Maana wapo wanaofika mbali zaidi na kusema kwamba shule za zamani zilikuwa salama kwa sababu ya ringi, na kwamba tukiirudisha ringi, usalama nao utarudi. Tunasema wazi kwamba hilo si kweli. Ringi haikuwahi kumtoa mtoto ndani ya bweni lililofungwa kwa kufuli kwa nje.

Tuangalie historia yenyewe, maana kumbukumbu tamu huchagua inachokumbuka. Juni 1994 bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo mkoani Kilimanjaro, liliungua usiku, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwaka huo wa 1994 umo ndani ya miaka ileile inayosifiwa. Agosti 2009 msiba ukaja mkoani kwetu. Katika shule ya sekondari ya Idodi, kwenye njia iendayo hifadhi ya Ruaha, bweni la wasichana liliungua usiku na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Tena Septemba 2020, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, moto wa bweni la shule ya msingi ukachukua watoto wapatao 10. Zamani na sasa, ringi na umeme, mabweni yameungua na watoto wamekufa.

Majirani zetu wa Kenya wametufundisha somo hili kwa machozi. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Kelele usiku ule hazikukosekana. Kilichokosekana ni njia. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama wa shule, na mwongozo huo unasema mambo ambayo fundi yeyote wa kijijini anayaelewa: kila bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda ibaki nafasi ya mita 1.2. Kengele za moto zimetajwa pia, lakini ni jambo moja kati ya mengi. Hata hivyo, Septemba 2024, miaka 16 baada ya mwongozo huo kuandikwa, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Karatasi nayo, kama ringi, haifungui mlango peke yake.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni matatizo ya watu maskini tu, au kwamba shule iliyo chini ya kivuli cha kanisa ina kinga ya pekee. Tarehe 1 Desemba 1958, mjini Chicago, Marekani, iliungua shule ya parokia iliyoitwa Our Lady of the Angels. Walikufa watoto 92 na masista watatu waliokuwa wakiwafundisha. Shule hiyo ilikuwa na kengele ya moto. Lakini kengele ile ililia ndani ya jengo tu, haikuunganishwa na kituo cha zimamoto. Tena kwa desturi ya shule, mkuu wa shule peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru watoto watoke. Mwalimu mmoja aliyeona moshi alimtafuta mkuu asimpate, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akifundisha darasa la mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Ndipo akaamua mwenyewe kuwatoa wanafunzi wake, kisha akaenda kuipiga kengele. Kwa watoto wengi wa vyumba vya juu, saa ya kutoka ilikuwa imekwisha kupita. Na wiki chache tu kabla ya hapo, shule hiyo ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa, kwa kuwa jengo la zamani lilisamehewa masharti mapya.

Tunaomba kila mjumbe wa bodi ya shule na kila mzazi ayasome maneno hayo mara mbili. Kengele ilikuwapo. Hati ya ukaguzi ilikuwapo. Watawa wema waliowapenda watoto hadi kufa nao walikuwapo. Kilichokuwa kimefungwa ni njia, na kabla ya njia ni ruhusa.

Hapa ndipo tunapowapa haki yao wanaoikumbuka ringi, maana wana jambo moja kubwa la kweli, ingawa mara nyingi hawalitaji. Ringi haikuhitaji umeme. TANESCO wakikata, iliendelea kulia. Haikuhitaji ufunguo wala kibali, kwa kuwa ilining'inia mahali palipo wazi, na mtoto wa darasa la pili aliyeona moshi jikoni aliweza kuigonga bila kumtafuta mwalimu mkuu. Tena mlio wake haukuishia uani. Waliokuwa shambani kwenye vitunguu waliusikia, wakaja na ndoo, majembe na matawi mabichi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na jambo hilo lilikuwa la wote. Ukiilinganisha na king'ora kilichofungiwa ndani ya ofisi ambayo usiku haina mtu, ringi ni chombo bora zaidi. Kwa hiyo hatusemi itupwe. Tunasema irudishwe pale ilipoondolewa, itundikwe nje ya kila bweni, na kila mtoto aambiwe kwamba hakuna atakayemwadhibu kwa kuigonga akiona moto.

Lakini tusimame hapo na kufikiri. Kinachotamaniwa katika sauti ile si chuma. Ni kwamba aliyesikia alikuwa na miguu ya kukimbia na mlango wa kupitia. Nabii Ezekieli aliambiwa kwamba mlinzi aonaye hatari asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mikononi mwake. Fundisho hilo ni zito, nasi tunalipokea. Hata hivyo, tarumbeta ile ilipigwa kwa watu walioweza kuondoka. Ni mlinzi gani basi anayepiga tarumbeta huku ufunguo wa lango uko mfukoni mwake, naye yuko ng'ambo ya mji?

Tunajua jibu litakalotolewa, na si la kipuuzi. Matroni atasema: nikiacha mlango bila kufuli, wavulana wataingia, wezi watachukua magodoro, wasichana watatoroka; na wazazi haohao wanaotaka nondo ziondolewe ndio watakaokuwa wa kwanza kunilaumu. Ni kweli. Wazazi wengi wamedai nondo kwa mikono yao wenyewe, kwa hofu ya haki juu ya binti zao. Lakini hofu moja isiachwe izae kifo cha namna nyingine. Mlango unaweza kufungwa kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, ambalo mtoto hulivuta gizani kwa mkono mmoja na mtu wa nje hawezi kulifungua. Dirisha linaweza kuwa na nondo zilizofungwa kwa bawaba, zinazosukumwa kwa nje. Mlinzi anaweza kulipwa akae macho, na matroni anaweza kulala chumba cha jirani badala ya nyumba iliyo mbali. Yote haya yanahitaji fedha kidogo na akili kidogo. Kufuli la nje ni rahisi kuliko yote, nalo limezoeleka kwa sababu hiyo tu.

Na tusijidanganye kuhusu muda. Bweni la siku hizi limejaa vitanda vya dabo deka na magodoro ya sponji. Sponji ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi mzito wenye sumu, na katika mioto ya majengo moshi huua wengi kabla ya miali kuwafikia. Mtoto aliyelala usingizi wa uchovu haamki upesi, na tafiti zimeonyesha kwamba milio myembamba ya juu huwashinda watoto wengi kuwaamsha. Kinachobaki ni dakika chache mno. Namba ya Zimamoto ni 114, na kila mtoto aijue. Lakini gari likitoka Iringa mjini kuja Ilula lina zaidi ya kilomita 40 za kwenda, tena kwenye barabara kuu pamoja na malori yatokayo na yaendayo Tunduma. Askari watakuja kwa moyo wote. Lakini hawawezi kulishinda kufuli ambalo limekwisha kufanya kazi yake kabla hawajawasha injini.

Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba maombolezo juu ya sauti yageuzwe kuwa kazi. Umoja wa waliosoma shule fulani ukichanga fedha za kununua kengele ya kumbukumbu yenye jina la umoja, tunauambia kwa heshima: anzeni na bawaba. Mlango wa pili wa bweni ni kumbukumbu bora kuliko kengele ya shaba. Na kwa wazazi wenye watoto katika shule za bweni, za serikali, za watu binafsi na za Kanisa bila kubagua, tunaomba kwamba kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kujadili ada na michango, kiulize maswali haya matano na kuyapatia majibu.

La kwanza: usiku, ufunguo wa bweni unakuwa kwa nani, naye analala wapi? La pili: mlango unafunguka kwa ndani bila ufunguo? La tatu: ziko njia ngapi za kutoka, na je, mojawapo imezibwa kwa masanduku au vitanda? La nne: umeme ukikatika, watoto wanasomea nini, mshumaa au taa ya jua, na ni kitu gani kitakacholia moto ukitokea? La tano: watoto wamewahi lini kufanya zoezi la kutoka bwenini gizani, na ilichukua dakika ngapi?

Mkuu wa shule atakayeyachukia maswali hayo atakuwa amekwisha kuyajibu. Na atakayeyapokea apewe msaada: fundi wa kuchomelea, mbao, ndoo za mchanga, mtungi wa kuzimia moto na mtu wa kufundisha jinsi ya kuutumia. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imewapa maofisa wa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Waiteni wenyewe, msingoje waje. Na wakishaondoka na hati ikabandikwa ukutani, kumbukeni hati ya Chicago, mwendelee kuutazama mlango.

Vijana wetu hawataikumbuka ringi kama tunavyoikumbuka sisi. Watakuwa na sauti zao, na uzeeni watazililia kwa zamu yao. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba wanafika uzeeni. Nondo zilizofungwa kwenye madirisha ya mabweni zitolewe kabla ya shule kufunguliwa Januari.