Bei ya pamba inajadiliwa kila msimu, mbegu je?

Kila msimu wa ununuzi wa pamba unapokaribia, gumzo katika vituo vya kununulia vya Mkula, kama ilivyo kwingineko mkoani Simiyu, huwa ni moja tu: bei. Mkulima anataka ipande, mnunuzi anataka ishuke, na serikali inatakiwa kuamua. Ni haki kabisa bei ijadiliwe. Hata hivyo, lipo jambo linalomnyima mkulima fedha nyingi kuliko bei, na halizungumzwi: mbegu anayopewa haijulikani kizazi chake.

Tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme mkulima ana ekari mbili na anavuna kilo 200 kwa ekari. Bei ikipanda kwa shilingi 100, atapata nyongeza ya shilingi 40,000. Lakini kama mbegu bora itamwongezea kilo 50 tu kwa kila ekari, na bei ikabaki shilingi 1,200 kwa kilo, atapata nyongeza ya shilingi 120,000. Nyongeza hiyo haitegemei soko la dunia wala kikao cha wadau. Inategemea kilichomo ndani ya punje anayoitia shimoni mwezi Novemba au Desemba.

Ni kitu gani hicho? Wakulima wa Simiyu wanajua kwamba mvua za ukanda huu hukatika mara nyingi mwezi Januari na Februari, wakati pamba bado changa au inaanza kutoa vitumba. Hapo ndipo chembe za urithi za mmea, yaani jeni, zinapofanya kazi. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza kwa wingi kemikali iitwayo asidi ya absisiki, ambayo ni kama kengele ya hatari. Vitundu vidogo vya majani hufunga ili maji yasipotee. Jeni nyingi zilizokuwa zimelala huamka: baadhi huagiza protini za kulinda seli, nyingine hukusanya sukari na prolini ambazo husaidia mmea kushikilia maji.

Ulinzi huo una gharama. Majani yakifunga, mmea hauwezi kujitengenezea chakula cha kutosha, nao huanza kudondosha vitumba. Pamba inayofunga mapema mno itabaki hai lakini haitakuwa na mavuno, na inayochelewa kufunga itanyauka. Aina nzuri ya pamba ni ile iliyopata uwiano unaofaa kwa eneo husika, na uwiano huo hauletwi na jeni moja. Wanasayansi walipochapisha ramani ya urithi wa pamba ya kawaida mwaka 2015 walihesabu jeni zaidi ya 70,000, na ramani ya chai ilipochapishwa mwaka 2017 zilihesabiwa karibu 37,000. Kwa hiyo uvumilivu wa ukame ni kifurushi kizima, na kifurushi kikishafunguliwa na kuchanganywa, hakuna dawa ya dukani itakayokirudisha.

Tumetaja chai kwa makusudi, ingawa haioti Simiyu. Kule Mufindi, ambako kiangazi huweza kudumu miezi sita, watafiti wa Ngwazi walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kupima aina mbalimbali za chai kwa kuzimwagilia maji na kwa kuziacha zikae na ukame. Ilidhihirika kwamba aina zilizopandwa katika udongo mmoja na chini ya jua moja hazikupoteza mavuno kwa kiasi kimoja. Aina iitwayo SFS 150, iliyotoka Malawi, ilijulikana kwa kustahimili ukame na baridi. Lakini mwenye shamba la chai ana bahati moja kubwa. Chai huzalishwa kwa vipandikizi, hivyo kila mche ni nakala halisi ya mama yake. Akinunua SFS 150, anapata SFS 150, na itakaa shambani kwa miongo kadhaa.

Mkulima wa pamba hana bahati hiyo. Kila mwaka anaanza upya na mbegu, na mbegu hiyo hupitia mahali ambapo ni rahisi mno kuchanganywa: kiwanda cha kuchambulia pamba. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, theluthi moja hivi ni nyuzi na sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu. Mbegu hizo huenda kukamuliwa mafuta na kutengenezwa mashudu, na sehemu hurudishwa kwa wakulima kupandwa. Magari yaliyoleta pamba kutoka wilaya tatu yakimwaga mzigo katika ghala moja, hakuna mtu atakayejua tena punje ipi ilitoka wapi.

Haikuwa hivyo zamani. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimekuwa kikizalisha aina za pamba za Kanda ya Magharibi kwa miongo mingi. Aina kama UK91 na baadaye UKM08 ni matunda ya kazi hiyo. Watafiti wake walichagua pamba yenye majani ya manyoya, ambayo huwasumbua wadudu wafyonzao utomvu, na yenye uwezo wa kupambana na magonjwa, ukiwemo mnyauko fusari. Aina mpya ilipotoka kituoni ilienezwa kwa utaratibu wa kanda: ilianza eneo dogo, ikachambuliwa peke yake, kisha ikasogezwa eneo linalofuata mwaka hadi mwaka. Vyama vikuu vya ushirika ndivyo vilivyokuwa na ununuzi na viwanda, hivyo utaratibu uliwezekana.

Soko huria lilipoanza msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi waliingia na ushindani ukaja. Hilo lilikuwa na manufaa, kwani wakulima wengi walilipwa fedha taslimu badala ya kusubiri. Lakini pamba ilianza kuvuka mipaka ya kanda ikifuata bei, na mbegu zikavuka nayo. Mnyauko fusari nao husafiri ndani ya mbegu na hukaa kwenye udongo miaka mingi. Anayechanganya mbegu anaweza kupeleka ugonjwa katika shamba ambalo halikuwa nao.

Wenye viwanda wana hoja yao, na si ndogo. Kutenga mbegu kunataka ghala la ziada, kusafisha mashine, na siku za kazi zinazopotea katikati ya msimu mfupi. Mkamuaji wa mafuta hulipia mbegu bila kuuliza jina lake. Kwa nini basi mwenye kiwanda aingie gharama ambayo faida yake itakwenda kwa mkulima atakayemwuzia pamba mshindani wake? Hiyo ndiyo sababu kuhubiri uzalendo hakutoshi. Usafi wa mbegu lazima uwe na bei.

Kwa maoni ya safu hii, mambo manne yanawezekana bila kusubiri fedha za wafadhili. Kwanza, pamba ya mashamba ya mbegu inunuliwe kwa bei ya juu kuliko pamba ya kawaida, kama vile pamba safi inavyozidi fifi. Pili, kila kiwanda kinachotoa mbegu za kupanda kitenge siku za mwanzo wa msimu kwa kazi hiyo tu, mashine zikiwa zimesafishwa. Tatu, kila mfuko uandikwe jina la aina, mwaka, kiwanda na kiwango cha uotaji, na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu iukague kabla haujafika kijijini. Gharama ya mbegu mara nyingi hukatwa katika malipo ya pamba. Mtu anayekatwa fedha ana haki ya kujua amenunua nini.

Nne ni la vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo tangu mwaka 2018 vimepewa nafasi kubwa katika ununuzi. Chama kichukue punje 100 kutoka katika kila shehena, kizifunge kwenye gunia lenye unyevu, na baada ya wiki moja kihesabu zilizoota mbele ya wanachama. Jaribio hilo halitaonyesha uvumilivu wa ukame, lakini litawazuia wanaoleta mbegu zilizokufa. Sampuli nyingine itunzwe ofisini hadi mavuno, ili malalamiko yakitokea uwepo ushahidi.

Hakuna anayedai kwamba mbegu safi italeta mvua. Ukame mkali utaunguza hata aina iliyo bora, na shamba lisilopaliliwa litabaki maskini. Lakini mkulima wa Mkula hupanda bila bima, na kinga ya bei nafuu anayoweza kupewa ni urithi uliomo ndani ya mbegu. Watafiti walitumia miongo kadhaa kuukusanya urithi huo, na ghala moja lisilo na mpangilio linaweza kuupoteza kwa msimu mmoja. Wadau watakapokutana tena kupanga bei ya kilo, waweke mezani pia bei ya mbegu yenye jina.