Kumtembelea rafiki aliye masomoni ng'ambo

Zamani aliyekwenda kusoma ng'ambo na kuacha familia nyumbani alikuwa baba. Mama alibaki na watoto, akisubiri barua. Siku hizi mambo yamegeuka, na wengi wetu tunaye dada au shoga wa tangu ujana aliyepata nafasi ya masomo nje huku mume na watoto wamebaki. Anaposikia kwamba tunapita karibu na alipo, hutuambia, "Njooni!" Ni kweli anatuhitaji. Lakini mwanafunzi ana chumba kimoja, posho ya kuhesabu na mitihani, na tukimwendea kama tunavyokwenda kwa shangazi kijijini tutamwachia deni.

Sisi tulikuwa wanne kutoka Bukoba: wauguzi wawili, mwalimu, na mwenzetu mwenye duka la vitambaa. Tuliweka akiba kwa upatu kwa muda wa miaka miwili ili tuone nchi za kaskazini, tukisafiri kwa treni na mabegi ya mgongoni, kama tulivyozoea kuwaona vijana wa Kizungu wakishuka kwenye meli ya Mwanza. Waume zetu walicheka. Rafiki yetu alikuwa Uppsala, Uswidi, akisomea shahada ya pili ya afya ya mama na mtoto.

Viza ya Schengen ilitutosha kwa Denmark na Uswidi. Inaruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na anayeiomba anatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi.

Begi la kila mmoja halikuzidi kilo 10. Lazima liwe na mkanda wa kiunoni, kwa sababu uzito unatakiwa kukaa kwenye nyonga na si kwenye mabega, na vitu vizito vikae karibu na mgongo. Dawa za presha au kisukari zisiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Ziwe mkononi, ndani ya pakiti yake, pamoja na cheti cha daktari. Na ndani ya ndege inukeni mtembee, chezesheni vifundo vya miguu, kunyweni maji. Kwa umri wetu kuganda kwa damu miguuni si jambo la mzaha.

Zawadi za chakula zina sheria zake. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na samli imo humo humo. Matunda mengi, embe likiwamo, huhitaji cheti cha afya ya mimea. Lakini ndizi, mananasi, nazi na tende havihitaji. Basi Mhaya akisikia kwamba ndizi zinaruhusiwa atabeba nini kingine? Tuligawana ndizi mbichi za kupika katika mabegi manne. Senene tuliwatamani, ila tuliona tusijaribu.

Tulitua Copenhagen mwanzoni mwa mwezi wa sita. Treni ya kwenda Uswidi hupita kwanza kwenye handaki chini ya bahari, kisha huibuka juu ya kisiwa kilichotengenezwa na watu na kupanda daraja la Øresund lenye urefu wa karibu kilomita 8, lililofunguliwa mwaka 2000. Kutoka Malmö hadi Stockholm ni kama saa nne na nusu, na kutoka hapo Uppsala ni kama dakika 40. Tulilala kwenye hosteli zenye vitanda vya ghorofa. Katika hosteli nyingi za Uswidi shuka hulipiwa peke yake, kwa hiyo tulibeba zetu, na chumba mgeni hukifagia mwenyewe kabla ya kuondoka. Hilo halikutusumbua. Kilichotusumbua ni noti zetu tulizobadilisha kwa shida: mabasi ya mjini hayapokei fedha taslimu, na maduka mengi pia hutaka kadi.

Huko Uppsala tulikataa kulala kwa rafiki yetu. Alinuna kidogo, lakini chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, meza na dirisha, na jiko alitumia pamoja na wanafunzi wengine wa korido ile. Watu wanne wa kulala chini wangemharibia wiki. Tulichukua hosteli, tukamwambia tunakaa siku tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilidai siku ya kwanza. Wawili walikwenda na nguo zake kwenye chumba cha kufulia, ambacho katika majengo yale huandikiwa zamu, na ukichelewa mwenzako anaingia. Wawili walimenya ndizi.

Alitutembeza mjini kwake. Kanisa kuu la Uppsala lina minara ya karibu mita 119, na tulisimama pale tukimkumbuka Bengt Sundkler, aliyekuwa profesa katika chuo kikuu cha mji huo na ambaye kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 alikuwa askofu wetu kule Buhaya, kabla ya kumpisha Josiah Kibira. Bibi zetu walimfahamu. Saa tatu na nusu usiku jua lilikuwa bado liko juu ya miti, na mwenye duka akauliza kama watu wa huku hulala.

"Ulizeni habari za Desemba," rafiki yetu alijibu.

Mwezi wa Desemba jua la Uppsala huzama kabla ya saa tisa alasiri. Alituambia kwamba tangu Novemba alikuwa akiamka usiku wa manane na kukaa macho hadi asubuhi. Chakula kilikuwa hakina ladha. Akizungumza na nyumbani kwa simu ya picha alikaa mahali penye taa kali na kujifunga kilemba kizuri, ili asionekane alivyokonda. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa ameanza kukataa kuja kwenye simu. Mara mbili alitaka kununua tiketi arudi, na kulikuwa kumebaki muhula mmoja tu.

Tulikuwa tumemletea kitu kutoka kwa mama mkwe wake: karatasi iliyochorwa mguu wa yule mtoto kwa kalamu, ili anunue viatu. Aliiweka juu ya meza, akaweka kiganja chake juu yake, na kidole gumba cha mtoto kikatokeza nje ya kiganja. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Nasi hatukumwambia anyamaze.

Hapa ndugu zangu tuseme kama wauguzi. Mtu akiwa na huzuni na kukosa usingizi au hamu ya mambo kwa wiki mbili au zaidi, hilo si la kumwambia ajikaze wala la kumwombea tu na kuondoka. Ni la kupelekwa kwa daktari. Vyuo vya Uswidi vinatakiwa na sheria kuwa na huduma ya afya kwa wanafunzi, na yeye alijua mlango ulipo. Hakutaka tu kwenda peke yake. Siku ya pili asubuhi tuliketi naye chumba cha kusubiri.

Lilibaki la shemeji. Kabla hatujaondoka Bukoba alituita pembeni akasema, "Mtazameni vizuri, mniletee ukweli." Hatumlaumu, ana watoto watatu na maneno ya majirani. Lakini mgeni si mkaguzi, na siri ya mgonjwa si yetu kuibeba kwenye begi hata kwa mumewe. Tulimwambia rafiki yetu jinsi tulivyoagizwa, tukasema jibu ni lake. Jioni ile tulikwenda sote wanne jikoni kupika, tukafunga mlango. Ndizi ziliiva, zikapoa, tukazipasha tena. Aliyekuja kutuita alikuwa amevua kilemba.

Tuliporudi shemeji alikuwa anatungoja stendi, na hakuuliza tena. Alisema tu kwamba siku hizi humwita yule mdogo kwenye simu baada ya kuoga, wakati hana michezo, naye huja. Tulimkabidhi viatu. Vilikuwa vikubwa kidogo, kwa kuwa mama yake alipima na miezi iliyobaki, na bibi akaweka pamba mbele.